Lala Chini ya Gari Kwanza

Jioni hii, wasikilizaji, nataka tuzungumze kuhusu gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, hilo tunaloliita fowili.

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mama mmoja, jirani yetu hapa Chepkoilel, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa upande ule wa kinamasi cha Marura. Akaniambia, "Mwalimu, nimeona gari. Njoo twende uniangalilie kabla sijatoa pesa." Nikamuuliza ni gari la namna gani. Akasema ni zuri sana, limepakwa rangi juzi tu, hata chini limepakwa.

Nikamwambia asitume hata shilingi, nakuja.

Shida yake naijua, kwa sababu ni shida ya wengi wetu. Kutoka kwake hadi lami ya barabara ya Ziwa si mbali, lakini mvua za Aprili zikishakolea, pikipiki ya kubeba mitungi ya maziwa hulala ubavu njiani. Maziwa yakichelewa huchachuka, yakichachuka hukataliwa. Ikifika Novemba, mahindi yamekauka shambani na lori haliwezi kuingia. Kwa hiyo mama huyu hatafuti gari la kwenda nalo arusini. Amekuwa akiweka akiba tangu mavuno ya mwaka juzi, na akiba hiyo akiikosea hana nyingine.

Matope haya hayakuanza leo. Makaburu waliopanda huku uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 walitoka Nakuru kwa mikokoteni ya ng'ombe, na mpaka reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, sukari, misumari na majembe yote yalipandishwa kwa ng'ombe. Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho wenyeji tumezoea kukiita Chepkoilel tu, kilianza mwaka 1946 kama kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Wakulima hao walikuwa na trekta. Sisi wenye ekari tatu au tano tumerithi matope yale yale bila trekta, na bila wale ng'ombe kumi na sita wa kuvuta mkokoteni.

Sasa, kabla hatujagusa gari, kuna jambo la sheria linalofaa kueleweka. Nchini Kenya, kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na shirika la viwango, KEBS, hakiruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka. Maana yake ni kwamba fowili ya miaka ishirini au thelathini unayouziwa leo mjini Eldoret haikushuka meli juzi. Imekuwa humu nchini miaka mingi. Imebeba watu, imepita gereji, imelala kwenye yadi ya mtu. Historia yake iko hapa hapa, na ukiuliza kwa subira utampata dereva aliyeiendesha. Kwangu mimi, nusu saa ya kuzungumza na dereva wa zamani ina thamani kuliko siku nzima na broka.

Namba ya gari itakusaidia kidogo. Zile za KAA zilianza kutolewa mwaka 1989, na KBA ikaja mwaka 2007. Lakini kumbuka, namba inasema gari lilisajiliwa lini Kenya, haisemi lilitengenezwa lini. Gari la KB linaweza kuwa lilikuwa na miaka saba mgongoni lilipofika bandarini Mombasa.

Magari haya hutoka wapi? Mengine yalikuwa ya serikali, yakauzwa kwa mnada au zabuni. Haya yamefanyiwa matengenezo kwa ratiba lakini yameendeshwa na madereva wengi, na gari la madereva wengi ni kama ng'ombe wa watu wengi. Mengine yalikuwa ya mashirika ya misaada, na hapo nakusihi uwe macho: gari lililoingia nchini bila ushuru kwa sababu lilikuwa la shirika, likiuzwa kwa mtu wa kawaida linadaiwa ushuru huo na mamlaka ya ushuru, KRA. Kama muuzaji hajaulipa, deni litakufuata wewe. Yapo pia ya misheni na ya mashamba, na haya ndiyo ninayoyapenda zaidi. Mara nyingi yameendeshwa na mtu mmoja, polepole, na mtu huyo bado yupo.

Na wapo watakaokunong'oneza kwamba kuna la bei rahisi ng'ambo ya Malaba. Uganda nayo mwaka 2018 ilifunga mlango kwa magari ya zaidi ya miaka 15, lakini yaliyoingia kabla ya hapo bado yapo mengi. Ukilivusha la miaka ishirini hutalisajili Kenya kihalali, maana ile miaka 8 inakungoja mpakani. Liache liendelee kuishi kwao.

Basi mimi na yule mama tukafika mjini, Sisibo kama wanavyosema wazee wetu, yaani 64, namba ya shamba ambalo mji huu uliota juu yake. Gari lilikuwa linang'aa. Injini ilikuwa tayari inanguruma, broka kaiwasha kabla hatujafika. Nikaweka kiganja juu ya boneti: moto. Hilo peke yake lilinitosha kumwambia mama turudi kesho yake asubuhi, na kumwomba broka kwa heshima asiliguse gari mpaka tufike. Injini ya dizeli yenye kasoro huzificha zote ikishapata joto. Asubuhi ya huku, baridi ikiwa nyuzi kumi au chini yake, ndipo inaposema kweli.

Lakini hata kabla ya injini, nilitandika gunia nikalala chini ya gari. Mama akashangaa. "Mwalimu, si ufungue boneti kwanza?"

Hapa ndipo lilipo neno langu la leo, wasikilizaji, na ningependa mnielewe. Injini inanunuliwa. Nenda barabara ya Kirinyaga pale Nairobi, utakuta injini za magari haya zimepangwa kama magunia ya viazi. Giaboksi inanunuliwa. Difu inanunuliwa. Viti, taa, milango, vyote vinanunuliwa. Fremu, yale mataruma mawili marefu ya chuma yanayobeba gari zima, huwezi kuinunua kirahisi, na hata ukiipata, namba iliyopigwa juu yake ndiyo namba iliyo kwenye logibuku. Ukiibadilisha fremu, kisheria umebadilisha gari. Kwa hiyo unaponunua fowili kuukuu, unanunua fremu. Vilivyobaki ni vya kutengeneza.

Najua ninachosema kwa sababu niliumia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari kwa kusikiliza injini. Ililia vizuri kama cherehani mpya. Chini kulikuwa kumepakwa lami nyeusi, nikaambiwa ni ya kuzuia kutu, nikaridhika. Mwezi wa nne nikiwa nalo, nimebeba mifuko ya mbolea kuelekea Moiben, nikasikia mlio kama mti unaokatika. Fremu ilikuwa imepasuka nyuma, pale springi inaponing'inia. Tulipokwangua ile lami tulikuta kiraka cha bati la debe. Fundi wa kuchomelea alilitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwalimu, nitachomelea nini hapa? Chuma kimeisha." Yule aliyeniuzia hakushika simu tena.

Kwa hiyo chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga fremu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa kinanyamaza. Usikawie katikati, palipo pakavu. Nenda nyuma ya magurudumu ya nyuma, nenda juu ya difu, nenda pale springi zinaposhikwa, tazama ndani ya matundu ya fremu ambako tope huingia na kukaa mwaka mzima. Uliza gari liliishi wapi. Gari lililozeeka Uasin Gishu au Trans Nzoia hupata kutu pole pole, lakini lililofanya kazi Mombasa, Kilifi au Lamu limevuta chumvi ya bahari kila siku. Hata yale yaliyotoka sehemu za theluji huko Japani, kama Hokkaido, hufika na kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Land Rover itakuhadaa zaidi, kwa sababu bodi yake ni ya alumini, haishiki kutu nyekundu. Fremu yake ni ya chuma, nayo inaweza kuoza chini ya bodi inayometa.

Gari lile la mama? Bisibisi iliingia. Mahali pawili. Sikuhitaji kusema neno, nilimwita ainame atazame mwenyewe. Kesho yake hatukurudi.

Njiani tukirudi aliniuliza swali zuri: "Sasa niangalie jina gani?" Nitajibu, ila nitaanza na mwinuko wetu, kwa sababu unaamua mengi kuliko jina.

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza kama moja ya tano ya nguvu zake hapa, na kwa sababu pampu inaendelea kumimina mafuta kana kwamba iko Mombasa, inatoa moshi mweusi. Kwa hiyo moshi mweusi kidogo wakati wa kupanda kilima usikutishe sana. Kichujio cha hewa na pampu huwa vinarekebishika. Moshi wa buluu, huo ni oili inayoungua, na unasema pistoni zimechoka. Moshi mweupe wa dakika moja asubuhi ni baridi na hita. Moshi mweupe usiokoma na wenye harufu tamu ni maji ya rejeta yanayoingia mahali pasipo pake. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, funga, shukuru, nenda nyumbani.

Na kuna jambo ambalo kila anayepika maharagwe huku analijua: maji yetu huchemka upesi lakini maharagwe hayaivi upesi. Ni kwa sababu kwa mwinuko huu maji huchemka yakiwa nyuzi 93 hivi, si 100. Katika gari, kinachozuia maji yasichemke ni mgandamizo, na mgandamizo hushikwa na kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho kidogo kikilegea Mombasa, pengine gari litavumilia kwa muda. Kikilegea hapa, maji yanachemka, hedi inapata joto, na hedi ya alumini ikipinda au kupasuka umepoteza bei ya ng'ombe wawili. Nunua kifuniko kipya siku ile ile unayonunua gari. Ni kitu cha bei ndogo mno kuliko hasara kinayozuia.

Kipimo cha yote haya tunacho mlangoni. Nenda Iten, kisha teremka Tambach hadi bonde la Kerio. Utashuka zaidi ya mita elfu moja, kutoka baridi ya sweta hadi joto la kuvua shati. Kwenye mteremko utajua breki, na utajua kama injini inaweza kulizuia gari kwa gia ya pili. Chini, pumzika kidogo. Kisha geuza, panda. Tazama mshale wa joto mpaka urudi Iten. Muuzaji anayekataa kupandisha gari lake Tambach amekwisha kukujibu. Mwekee mafuta wewe, ni haki yake.

Sasa majina. Kwa kazi ya mashamba madogo, ningeanza na Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 3L au 5L, lita 2.8 au 3, bila turbo, bila kompyuta. Haina haraka, kilima cha Tambach utakipanda ukiwa na muda wa kusalimia watu, lakini fundi yeyote wa jua kali anaijua kama anavyoijua njia ya kwao. Mkanda wake wa taimingi ubadilishwe. Mimi sizidishi kilomita 100,000, na kama muuzaji hana uthibitisho, uhesabu kwamba haujabadilishwa. Ukiwa na pesa zaidi, Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kutoka mwaka 1990. Hiyo ni mashine ya kumrithisha mtoto. Ila bei yake haishuki hata gari likizeeka, na inakunywa dizeli. Tarajia kilomita nane hivi kwa lita, na pungufu ukiwa kwenye matope.

Isuzu pikapu naiheshimu, na vipuri vyake ni vingi kwa sababu zimeunganishwa Nairobi kwa miongo mingi. Land Rover nazipenda kwa moyo. Nyingi za zamani ziliunganishwa Thika, na wako mafundi wazee hapa mjini wanaozifahamu kwa kuzigusa tu. Lakini mafundi hao wanastaafu, na mfugaji anayetaka maziwa yafike kila asubuhi hawezi kuishi kwa kumsubiri fundi mmoja. Zile Pajero na Prado za miaka ya tisini zenye turbo na hedi ya alumini, mathalani 1KZ ya lita 3, zina nguvu tamu kwenye mwinuko huu, maana turbo hurudisha hewa iliyopungua. Hazisamehe joto, basi. Kama huwezi kuapa kwamba utatazama maji kila asubuhi, usizichukue. Na kwa mtu asiyebeba mzigo mzito, mwalimu, muuguzi, daktari wa mifugo, zile Suzuki ndogo, Maruti tunazoziita, hupita mahali Land Cruiser inapozama, kwa sababu ni nyepesi.

Sitasema mengi kuhusu yale magari ya mjini yanayoandikwa 4x4 mgongoni. Yana kazi yake kwenye lami yenye mvua. Uliza kitu kimoja tu: kuna giaboksi ndogo ya nguvu, ile ya kijiti cha pili, au hakuna? Mitungi ya maziwa kwenye matope inahitaji kijiti cha pili.

Na hata kikiwepo, kipime. Nimewahi kuinama chini ya gari nikakuta propela ya mbele haipo kabisa. Ilitolewa, kwa sababu difu ya mbele ilikufa au mwenyewe alitaka kupunguza mafuta, na kijiti cha fowili kikaachwa ndani kama pambo. Kwa hiyo tazama propela ya mbele kwa macho yako. Kisha peleka gari kwenye nyasi zilizolowa au tope, funga zile kufuli za magurudumu ya mbele kama zipo, ingiza fowili, na mtu asimame kando kwa mbali akitazama magurudumu ya mbele yanavyochimba. Usijaribu kwenye lami kavu kwa kukata kona; nyingi za zamani haziruhusu, zinajifunga na kuvunja vyuma. Ukiwa chini, tazama nyuma ya magurudumu ya mbele ya Land Cruiser, pale kwenye goti la duara. Grisi nzito inatosha. Mafuta mepesi meusi yakitiririka hapo, sili ya ndani imekwisha, nayo ni kazi ya siku nzima kwa fundi.

Matairi yana tarehe ubavuni, tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Soma hata la akiba.

Karatasi sasa. Ingia eCitizen, toa rekodi ya gari kutoka mamlaka ya usafiri, NTSA, ulinganishe jina la mwenye gari na kitambulisho cha anayekuuzia. Benki ikiwa imeandikwa pamoja na mwenye gari, kuna mkopo. Pesa zisitoke mpaka benki iachilie. Namba ya fremu isome kwenye chuma chenyewe, usisome kwenye karatasi ya broka. Kwenye Land Cruiser imepigwa upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Kama imekwanguliwa au kuchomelewa juu yake, ondoka. Kampuni nyingi za bima husita kulipatia gari kuukuu bima kamili, kwa hiyo hesabu kwamba hasara ya ajali itakuwa yako, na uendeshe hivyo.

Nirudi kwa jirani yangu. Wiki iliyopita alisikia habari za Hilux moja ya shamba upande wa Moiben. Rangi yake imefifia mpaka hujui kama ilikuwa buluu au kijivu. Tulimkuta dereva wake, mzee aliyeiendesha miaka kumi na nne, akatuambia bila kuficha kwamba gia ya pili hukwaruza ikiwa baridi, kwamba klachi ilibadilishwa mwaka jana, na kwamba hedi haijawahi kufunguliwa. Tulishuka nayo Tambach, tukapanda. Mshale ulikaa katikati mpaka Iten.

Tuliporudi, kabla ya kutoa pesa, mama alifunga leso vizuri, akatandika gunia, akalala chini ya gari yeye mwenyewe na tochi. Alikaa huko muda, tukisikia nyundo yake ikigonga. Alipotoka alikuwa na tope mgongoni na swali moja kwa fundi tuliyekuja naye: "Kijana wangu, hapa nyuma, penye kile chungu kikubwa cha chuma, kuna tone la mafuta. Ni la nini?"

"Ni sili ya difu, mama. Si kitu kikubwa."

Akaomba bei ipunguzwe kwa gharama ya hiyo sili, ikapunguzwa. Fundi aliibadilisha Jumamosi. Jumatatu mvua ilinyesha usiku kucha, na kabla ya saa moja asubuhi mitungi yake ilikuwa imeshafika kwenye lami.